Hutarudi Wakati wa Kuvuna Pamba

Kabula mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi na afya yangu unaijua, kwa hiyo hayo nayaruka. Jana ulipokuwa unakunja kanga zako uliniuliza utarudi lini, nikakujibu, "Wakati wa kuvuna pamba." Ulinitazama kidogo, ukaendelea kukunja.  Jibu lile ni uongo, mayu, mwanangu. Hutarudi wakati wa kuvuna pamba, wala baada ya hapo. Mkutano wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, umeshaamua, na mimi nilikuwepo, na mimi nilikubali.

Nakuandikia kwa sababu nikikueleza kwa mdomo utanikatiza, au nitajikatiza mwenyewe nianze kukulaumu, maana ndivyo nilivyo. Umeshuka bondeni na mdogo wako Lufunga kuchota maji, na kwa jinsi kisima kilivyokauka najua mtachelewa. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome leo, peke yako. Ukichoka iweke chini, vuta pumzi, halafu uendelee.

Mambo ya kufua na kupika sitayaandika. Una miaka kumi na saba, na ugali wako unaushinda wangu, ingawa chumvi unaitia kama unamrushia mtu. Mengine utayapata kwa Mwalimu Perpetua huko Geita unakokwenda. Ninachotaka kukuachia ni yale niliyokosea mimi, kwa sababu hayo hakuna mwingine anayeyajua vizuri kama mimi.

La kwanza ni la baba yako. Mwaka ule pamba iliungua shambani kwa jua, naye akatuchukua akatupeleka machimboni. Ulikuwa na miaka minane. Kila mchana ulimpelekea chakula, ukakaa mdomoni mwa duara, lile shimo walilokuwa wakichimba, ukimsubiri apande. Siku ambayo magogo ya kuzuia udongo yalivunjika ulikuwa umekaa pale pale na bakuli mapajani. Wenzake walifukua mpaka kesho yake. Alipotolewa, ulikuwa umesimama nyuma yangu, nami nikajiambia huoni.

Kwetu mtoto haambiwi kifo. Ndivyo nilivyolelewa, na wanawake wote pale machimboni waliniitikia kwa kichwa kwamba nimefanya vema. Nikakuambia, "Baba amesafiri, amekwenda Mwanza."

Ukaniuliza, "Amesafiri bila viatu?"

Viatu vyake vilikuwa pale mdomoni mwa shimo, alivyovivua akishuka. Nikakuzaba kibao. Hicho kilikuwa jibu langu. Mtoto wa miaka minane ananiambia kweli, nami nampiga kwa kuisema, halafu miaka iliyofuata nazunguka kwa waganga nikiuliza mtoto huyu amepatwa na nini.

Tulirudi huku Kishapu, kwa babu yako, na Lufunga akiwa bado tumboni. Ndipo ukaanza kung'ata. Ulikuwa ukijigonga kichwa ukutani, ukitoka mbio bila kujua unakwenda wapi, ukivunja kila kilichotengenezwa kwa udongo. Shuleni walikuchapa mpaka wakachoka, kisha mwalimu mkuu akaniita akaniambia, "Mama Kabula, huyu mtoto si wa kufundishwa na watu." Sikumuuliza afundishwe na nani basi. Nilikuchukua mkono tukarudi nyumbani, na njiani nikakuacha uamini kwamba nakubaliana naye.

Mfumu, yule mganga, akakuchanja chale mabegani. Akakufukiza mizizi mpaka ukatapika. Mimi nami nikakufunga kamba kwenye nguzo ya zizi la ndama kila nilipokwenda kulima. Niliwaambia watu nakufunga usije ukaumia. Nilikufunga ili nipate kupalilia mtama wangu kwa utulivu, basi.

La pili unalijua, na kijiji kizima kinalijua. Siku hiyo ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikata kamba, ukachukua mchi wa kinu, ukavunja mitungi yote, kisha ukaanza kuupiga mlango wa chumba alimolala Lufunga. Ningeweza kukukamata. Nilishakukamata mara nyingi kabla ya hapo, na alama za meno yako bado ninazo mkononi. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka, Kabula. Sina neno jingine la kuweka hapo. Nilisimama uani nikapiga mwano.

Huhitaji kuelezwa mwano ni nini, lakini nataka kuandika ili nijisomee mwenyewe. Yowe lile likipigwa, kila mwanaume anayelisikia anaacha alichoshika, anachukua upinde na filimbi, anakuja, na akiwa njiani analipokeza kwa kijiji cha pili. Asiyeitika anatozwa ng'ombe. Na aliyelipiga hawezi kusema jamani samahani, nimekosea, rudini. Likishatoka mdomoni si lako tena. Mimi nililelewa na mwano masikioni, nikajua yote hayo, na bado nilimpigia mwanangu.

Walikuja kwa mamia wakidhani ni wezi wa ng'ombe. Wakamkuta msichana mwenye mchi. Mzee mmoja alicheka, nami nikafikiri yameisha, watarudi makwao. Kamanda wa sungusungu akaniambia, "Mama, mwano haurudi mikono mitupu." Wakakuburuta mpaka uwanjani. Kidole chako cha shahada kilivunjika ukijikinga fimbo. Walipomaliza, kamanda akaniambia niwashukuru kama desturi inavyotaka. Nikapiga magoti vumbini nikawashukuru, nikawapigia na makofi, wewe ukiwa umelala pale ukinitazama.

Baada ya hapo hukunisemesha mpaka mvua mbili zikapita. Ulikuwa na haki.

Aliyekutengeneza kile kidole, kadiri kilivyowezekana, ni Shija wa zahanati, tunayemwita daktari ingawa mwenyewe hukataa. Ndiye aliyeniambia kwamba kuna mwalimu upande wa Geita anayefundisha watoto walioshindikana, na kwamba hawafuati nyumbani wala hawapelekwi kwake. Anawafundisha kwa redio ya mawasiliano, ile ile ambayo zahanati na misheni hutumia kuitana wakati wa mgonjwa mahututi. Saa za mchana redio inapokuwa haina kazi, kila mtoto anakaa kwenye kituo cha kwao, na mwalimu anawafundisha wote hewani. Nilicheka. Nikamwambia, "Daktari, huyu amewashinda wenye fimbo, ataweza kutulizwa na sauti?"

Akakohoa kwanza, unajua hawezi kusema bila kukohoa, akasema, "Mama, fimbo tumeshaijaribu. Sauti bado."

Siku ya kwanza ulishika kile kipaza sauti, ukabonyeza kitufe, ukapiga kelele. Redio ile ina tabia yake: anayebonyeza ndiye anayesema, asiyebonyeza anasikiliza, wawili hawawezi kusema pamoja, na anayemaliza husema "ova" ili mwenzake ajibu. Kwa hiyo ulipiga kelele nasi sote, na vituo vyote, na mwalimu mwenyewe, hatukuwa na la kufanya ila kusikiliza. Nilitamani ardhi ipasuke. Ulipochoka ukaachia kitufe, na sauti ya mwanamke ikaja ikikwaruza.

"Nimekusikia, Kabula. Ilikuwa ndefu. Pumzika, nakungoja. Ova."

Nilikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Tangu uzaliwe hakuna aliyekuambia amekusikia, na wa kwanza katika hao ni mimi. Tulikuwa tunakuambia nyamaza.

Kisha akawa anakuuliza kila siku, kabla ya hesabu, kabla ya kusoma, "Hasira iko wapi leo? Ova." Nilidhani ni mchezo. Wewe ukajibu, "Iko kwenye meno. Ova." Mtoto mwingine wa kituo cha mbali akasema yake iko kisogoni. Siku nyingine ulisema iko magotini, na Mwalimu akakuambia basi nenda ukaizungushe, ukatoka ukaizunguka zahanati mbio mara nyingi, ukarudi unahema, ukabonyeza: "Nimerudi. Ova." Na yeye alikuwa bado anangoja, na wenzako wote wakingoja. Hakuna aliyekuwa anakutazama. Nadhani hilo lilikusaidia kuliko yote, kwamba sauti yake ilikuwa pale bila macho.

Nilimwonea wivu mwanamke yule. Afadhali niliseme. Sijawahi kumwona sura, na alikuwa amepata kwako kwa mwezi mmoja kitu ambacho mimi sikukipata kwa miaka. Kuna siku nilikuambia betri imekwisha na haikuwa imekwisha. Ulijua, ukaenda kuuliza mwenyewe.

Ndipo nikachukua mwiko. Sina redio, nikasema nyumbani mwangu anayeshika mwiko ndiye anayesema, na akimaliza aseme ova na kumpa mwenzake. Babu yako alitoka nje akicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Siku nyingi uliuacha chini. Halafu jioni moja tulipokuwa tumemaliza kula ukauokota, bado una ugali, ukasema, "Baba alikufa. Niliona miguu yake ikitangulia. Ukasema Mwanza. Ova."

Ukanipa. Nikaushika mpaka ugali ukakauka juu yake. Nilikuwa na maneno mengi, kwamba nilikuwa mjane na mimba, kwamba wakubwa waliniambia, kwamba nilitaka kukukinga. Yote yalikuwa kweli na yote hayakukuhusu. Nikasema, "Ni kweli. Ova." Ulilala usingizi usiku ule bila kujigonga.

Nisingependa udhani kwamba hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka, na wewe unajua zaidi yangu. Ulisoma, ukaandika, ukafika mahali Mwalimu anakuachia uwaulize wadogo hasira zao ziko wapi. Na bado kuna siku ulirarua shuka. Hasira yako haikuisha, na atakayekuambia imekwisha anataka kukuuzia kitu.

Sasa la mnadani. Yule kijana wa mizani alianza kwa kukuita "Ova, Ova," kama watoto wanavyokuita. Ulivumilia, niliona, nilikuwa nauza nyanya zangu. Kisha akakushika kidole kile kilichopinda, akakitingisha ili watu wacheke. Ukachukua jiwe la mizani. Jicho lake la kushoto halitaona tena. Alikosea kukushika, na hakustahili kupoteza jicho. Yote mawili ni kweli na mimi sijui niyapange vipi yakae pamoja. Nimekwenda kwao na kuku, mama yake hakunifungulia, nikamwachia mlangoni.

Mkutano ulifanyika siku ile nilipokutuma kwa shangazi yako kule Didia. Usidhani ilikuwa bahati kwamba hukuwepo, nilikutuma makusudi. Sisi wanawake tulikaa pembeni. Kamanda alisimama akasema, "Huyu tumeshamwonya kwa fimbo. Sasa limebaki lile jingine." Hakulitaja. Wote tulijua ni lipi, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

Daktari Shija akasimama, akakohoa, akasema Mwalimu Perpetua anakuhitaji huko, watoto wa machimboni wamekuwa wengi, wale ambao baba zao wamefukiwa, na anataka mtu wa kukaa naye kwenye redio. Wakanong'onezana. Kamanda akanigeukia mimi.

"Mama Kabula, aende. Lakini akirudi, utakayepiga mwano ni wewe mwenyewe. Usipoupiga, unatengwa wewe na kijana wako. Kisimani hamtachota, mashineni hamtasaga, moto hamtaomba, salamu hamtapata, na mkifa mtazikana wenyewe. Unakubali?"

Nikasema, "Nakubali."

Nilisema upesi. Sikuomba nifikiri, sikulia. Nilimwona Lufunga amesimama kwenye jua na ndama, nikasema nakubali. Usitafute namna ya kunitetea. Nilichagua, na aliyepungukiwa ni wewe. Kama kuna siku utakaa peke yako ujiulize kama mama yako alimpenda mdogo wako kuliko wewe, nakuomba usimeze swali hilo. Nichukie nalo kwa sauti. Mimi ninavyojijua, nawapenda sawa, na sikuwatendea sawa.

Kwa hiyo usirudi. Siku utakapotamani uji wa hapa, usirudi. Ukisikia ninaumwa, usirudi. Ukisikia nimekufa, Lufunga atakuambia vizuri, kwa neno lenyewe, nimemfundisha asiseme nimesafiri. Usirudi hata kwa hilo. Najua mwano ukitoka tena wataupokeza wote, na safari hii hawatakuja na fimbo, watakuja na mishale. Na kiapo nilichokula nisipokitimiza mimi, kuna wengi hapa watakaofurahi kunisaidia.

Nitakuja mimi, Lufunga akiwa mkubwa wa kubaki na ng'ombe. Sitaji lini. Nimeacha kusema lini. Kabla ya hapo nimekubaliana na daktari kwamba siku za darasa nitakuja kukaa nje ya dirisha la zahanati, nikusikie ukifundisha. Sitaomba kusema. Wewe fundisha tu kama hakuna mtu.

Kuna jambo moja la huko linalonitisha kuliko ajali za machimbo. Mwalimu amekutaka kwa sababu unawajua watoto wale kutoka ndani. Lakini kuna siku utachoka. Atakuwepo mtoto mmoja, huenda wa kike, mwenye meno makali, ambaye utampenda na atakutemea mate. Atavunja kitu cha thamani, mdogo wake atakuwa analia, utakuwa hujala, na nje kutakuwa na watu wenye nguvu wanaongoja uwaite tu. Hakuna atakayekulaumu ukiwaita. Watakusifu. Mimi walinisifu. Usiwaite, Kabula. Toka nje, zunguka nyumba, rudi. Akikung'ata mwache ang'ate. Jeraha la meno hupona, ninalo hapa mkononi, na hata haliniumi.

Na wakikuuliza baba zao wako wapi, waambie.

Nasikia ndoo. Mmefika kwenye mpapai, Lufunga anaimba vibaya kama kawaida yake, nawe unamcheka. Nafunga.

Ukimaliza kusoma, mimi nitakuwa jikoni. Njoo. Ukitaka kusema, sema mpaka uchoke, sitakukatiza. Ukitaka kukaa kimya nitakaa nawe. Na ukitaka kunipiga, nipige leo, humu ndani, Lufunga nitampeleka kwa babu yake, mlango nitaufunga mwenyewe na sauti yangu hakuna atakayeisikia. Nakuomba iwe leo. Kesho kwenye basi kamanda na watu wake watakuwepo na pinde zao kuhakikisha umepanda, na wapo miongoni mwao wanaongoja uinue mkono tu. Usiuinue. Panda, kaa, tazama mbele. Hata ule wa kuniaga, mwanangu, usiuinue.

Mama yako